Leo Ametulia

Mtaa mzima ulimwita Redio, na hakuna aliyemwonea kwa jina hilo. Aliamka akiongea na kulala akiongea. Alimsemesha paka, alilisemesha sufuria lililochelewa kuchemka, na mgeni aliyesimama kuuliza njia aliondoka akijua shangazi gani ameachika na kisa chake. Binti yake, fundi wa mapazia, alikuwa kinyume chake kabisa. Huyo aliweza kushona kutwa bila kusema na kiumbe ila cherehani, na cherehani yenyewe mpaka imkatie uzi.

Redio alipovunjika nyonga, Fundi alimuuguza mwenyewe. Alimgeuza, alimwogesha, alimlisha, mpaka mgongo wake nao ukaanza kudai haki yake. Kaka yake, aliyekuwa akiishi mji mwingine, akatafuta nyumba ya kulelea wazee. Ilikuwa nyumba safi. Sakafu iling'aa, shuka zilinyooshwa bila kikunjo, na pua ya Fundi, iliyokwenda pale imejiandaa kwa harufu ya mkojo, haikuipata.

Siku ya kumpeleka, Fundi aliona haya kana kwamba anawabwagia watu mzigo wake na kukimbia. Akafanya kama afanyavyo mtu aliyelelewa anapomwacha mzazi wake mikononi mwa wageni: akaomba radhi mapema.

"Mama yangu msemaji sana, mtuvumilie," alimwambia matroni, msimamizi wa nyumba. "Mkiona anawachosha, mtulizeni tu."

Matroni, mwanamke mnene mwenye sauti laini, alicheka. Akasema ondoa shaka dada, hapa kutuliza wazee ndiyo kazi yetu. Fundi akarudi kwenye mapazia yake roho imemtua.

Alikuwa akienda kila alipomaliza kazi za wiki. Mwanzoni alimkuta mama anamwaga umbea wa nyumba nzima: nani anakoroma, nani ana meno ya bandia na anamwazima nani. Halafu siku moja mlezi mwenye kucha ndefu alimpokea mlangoni kwa tabasamu. "Leo ametulia," alisema. Fundi akashukuru. Safari iliyofuata akaambiwa hivyo hivyo, na iliyofuata tena. Kila akiingia, alimkuta mama kidevu kifuani, mate yamemchirizika mpaka kwenye khanga, macho nusu wazi kama ya mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Fundi alimpangusa, akakaa, akarudi nyumbani. Kaka alimwambia kwenye simu kwamba huo ni uzee, dada, tukubali. Fundi akajitahidi kukubali.

Kitanda cha jirani kilikuwa cha kikongwe mmoja ambaye wazee wenzake walimpa jina la Hakimu kwa sababu alikuwa akitoa alama kwa kila kitu. Supu ya leo, alama nne. Daktari anayekuja mara moja kwa mwezi, alama sita, ila angeondoa ile miwani angepata saba. Mlezi mwenye kucha ndefu alipewa mbili, tena kwa huruma.

"Shikamoo mama," Fundi alimwamkia siku hiyo.

"Marahaba mwanangu. Umechelewa, nakukata alama."

Fundi akacheka kidogo, na kwa kuwa hakuwa na cha kuongeza, akasema tu kwamba anaona mama yake siku hizi ametulia.

Hakimu hakucheka. Aliutazama mlango, akajivuta mpaka ukingoni mwa kitanda.

"Hapa hatulii mtu, mwanangu," alinong'ona. "Hapa mtu anatulizwa."

Kisha akamweleza, kwa sauti ndogo na kwa mapumziko, akikatiza kila viatu vilipopita ukumbini. Kila asubuhi kidonge cheupe kilisagwa na kukorogwa kwenye juisi. Kilikuwa cha wanaoita usiku, cha wanaobonyeza kengele mno, na cha wanaoongea. Yeye mwenyewe alijifunza mapema kunyamaza mbele ya walezi, na ndiyo maana mpaka leo anaijua siku na tarehe. Fundi akauliza mama yake alikosa nini.

"Hata mlezi mmoja mgeni aliuliza. Nilimsikia kwa masikio yangu akijibiwa: huyu, mwanawe mwenyewe ndiye aliyeomba atulizwe."

Fundi aliketi pale pale alipokuwa. Neno lake mwenyewe, alilolitoa kwa adabu, lilikuwa limesagwa na kukorogwa na kunyweshwa mama yake asubuhi baada ya asubuhi, na yeye alikuwa akija pale kusema ahsante.

Alipompigia kaka yake, kaka alisema wasikurupuke. "Wewe utasema, jioni utaondoka," alisema. "Mama atabaki na nani? Si na hao hao?" Woga huo Fundi alikuwa nao tangu kitandani kwa Hakimu. Mlezi aliyekasirika atamgeuza mama vipi? Nani atamwogesha, na kwa maji gani? Alitaka kumchukua siku hiyo hiyo, lakini mgongo wake ulikuwa haumnyanyui hata yeye mwenyewe vizuri.

Kwenye geti palibandikwa tangazo kwamba mkaguzi wa ustawi wa jamii atakuja, na ndugu wa wazee wanakaribishwa. Fundi alilisoma, akaondoka, akarudi akalisoma tena.

Siku ya ukaguzi alifika mapema akasimama nyuma, karibu na ukuta. Mkaguzi alikuwa mama mwembamba asiye na papara, na kazi yake aliijua. Alifungua bomba za maji, akaonja supu, akanusa mablanketi. Aliomba baadhi ya wazee wageuzwe, akawatazama migongo kutafuta vidonda, hakuona hata kimoja. Alibonyeza kengele, na mlezi akaja mbio. Matroni alimfuata hatua kwa hatua, na kadiri walivyoendelea ndivyo tabasamu lake lilivyopanuka.

Mwisho wakaingia ukumbini, ambako wazee walikuwa wamepangwa kwenye viti, wameogeshwa, wamechanwa nywele. Hakuna aliyekohoa. Mkaguzi akatazama huku na huku.

"Nimekagua nyumba nyingi," alisema. "Kwingine hamsikilizani kwa kelele. Hapa, niseme ukweli, pametulia."

Mkaguzi akawaomba ndugu, mwenye neno aseme. Ndugu mmoja, mzee wa kofia, alishukuru kwa niaba ya wote ingawa hakutumwa na yeyote. Fundi alimtazama mama yake, mstari wa mbele kwenye kiti cha magurudumu. Nyuma ya kiti alisimama mlezi mwenye kucha ndefu, mikono yote miwili kwenye vishikio, na macho yake yalikuwa kwa Fundi. Hayakuwa makali. Yalikuwa yanangoja tu. Fundi akafikiria jioni, yeye akishaondoka. Kwa kitambo alikuwa ameshaamua kunyamaza, na kunyamaza kwenyewe kulikuwa kutamu kama kukaa chini baada ya safari. Mkaguzi akakunja miwani.

"Naomba umsemeshe mama yangu," Fundi alisikia sauti yake ikisema.

"Yupi, dada?"

"Huyo mbele. Msemeshe lolote."

Mkaguzi aliinama mbele ya Redio. "Shikamoo mama."

Hakuna kitu. Mtu anaweza kusahau mume, nyumba na jina lake, lakini akiamkiwa, marahaba inamtoka yenyewe. Mkaguzi aliamkia tena kwa sauti zaidi. Kope za Redio zilipanda, zikashuka. Mkaguzi alisimama, akafikiri, kisha akamwamkia mzee wa kiti cha pili. Akasogea wa tatu. Akaenda na mstari mzima, shikamoo baba, shikamoo mama, na hapa aliitikiwa kwa mguno, pale kwa pumzi, na mara nyingi hakuitikiwa. Alipofika kwa Hakimu, ikatoka marahaba iliyonyooka, na ukumbini ikasikika kama sahani iliyodondoka.

Uso wa mkaguzi ulikuwa umebadilika.

"Ndio uzee, mheshimiwa," matroni alisema kwa ile sauti yake laini. "Na huyu wa kwanza, mwanawe mwenyewe ndiye aliyetuomba tumtulize. Si huyo hapo? Muulizeni."

Wote wakageuka. Fundi, ambaye alikuwa hajawahi kutazamwa na watu wengi kiasi hicho, alitamani ukuta umfungukie.

"Nilisema," alijibu. "Nilisema mtulizeni. Nilitaka mumwitikie. Mama yangu ukimwitikia ehee, ehee, anaridhika. Ni hiyo tu. Sikuomba azimwe."

Mkaguzi akaomba ufunguo wa kabati la dawa, na matroni akachukua muda mrefu kuupata ingawa ulikuwa unaning'inia kiunoni mwake.

Daktari yule wa mara moja kwa mwezi aliitwa, akafika mchana. Alimpima Redio, akamtazama mboni, akahesabu vidonge vilivyobaki, akavihesabu tena. Fundi alimwambia anamchukua mama yake sasa hivi, atampata wa kumsaidia kumbeba. Daktari akatikisa kichwa. Dawa ile haikatwi ghafla, alisema. Mwili umeshaizoea. Ikikatwa leo, usiku anaweza kupata degedege, na kwa umri wake huenda asinusurike. Itapunguzwa kidogo kidogo, hapa hapa, chini ya uangalizi. Mkaguzi akasema uamuzi juu ya nyumba ile utatoka ofisini, na mpaka utoke, walezi ni wale wale. Alichoweza kumpa Fundi ni ruhusa ya kukaa kando ya kitanda.

Basi Fundi akakaa. Hakimu, kutoka kitandani kwake, alimtazama bila kutoa alama yoyote. Alasiri daktari alikata kidonge, akakisaga kipande, akakikoroga kwa kijiko kwenye kikombe cha juisi na kuuliza nani atampa. Matroni akanyoosha mkono.

"Nitampa mimi," Fundi alisema.

Alichukua kikombe, akachota kwa kijiko. Kijiko kikagonga ukingo wa kikombe, mlio mdogo tu. Redio, macho yamefumbwa, kichwa kimelalia bega, akaufungua mdomo. Aliufungua wote, kabla hajaguswa wala kuambiwa, akatulia hivyo akingoja.

"Mama, ni mimi," Fundi alisema.

Mdomo ulibaki wazi. Mlangoni alisimama mlezi mwenye kucha ndefu, akisubiri kijiko akakioshe.