Msichana wa Kikapu

Marciana Lukasi si mtu wa kuona kinyaa upesi. Kwa miaka ishirini na miwili amefua mashuka ya gesti moja pale Mikumi, ambako madereva wa malori hulala kabla ya kuendelea na safari ya Tunduma, na mashuka ya gesti yana mambo yake. Ameokota meno ya bandia chini ya mto. Ameloweka matapishi, damu, na vitu ambavyo wasichana wapya wa kazi huvikimbia wakishika pua. Yeye huingiza mikono kwenye beseni na kuendelea na maongezi aliyokuwa nayo.

Mwaka juzi, katika chumba namba saba, mgeni mmoja alisahau gauni la mtoto. Lilikuwa la njano, lenye mkanda wa kufunga mgongoni. Marciana alilikung'uta ili alikunje, akabaki amelishika.

Gauni kama lile aliwahi kuliona kwenye kitabu. Alikuwa na miaka mitano, anaishi Kilosa kwa shangazi yake Elizabeti, aliyemchukua baada ya mama yake kufariki. Shangazi alikuwa mfanyakazi wa ndani kwa meneja wa shamba la mkonge, Mzungu, na siku moja alirudi na kitabu cha hadithi chenye picha za rangi. Katika picha moja msichana mwenye gauni la njano alisimama mbele ya mlango uliochongwa mlimani, taa mkononi. Pembeni yake alikuwepo msichana mwingine, amegeuka, unaona mgongo wake tu na kikapu kichwani. Shangazi alisema huyo ndiye dada mkubwa, na yeye peke yake alijua maneno ya kuufungua mlango. Wakiingia ndani walikuta chemchemi, wakafua nguo za kijiji kizima. Marciana alimpenda yule wa kikapu kuliko yule wa gauni.

Maneno yenyewe yalikuwa yapi? Hakuyakumbuka. Wala hakukumbuka hadithi iliishaje, na kitabu kilishachukuliwa na maji mto Mkondoa ulipofurika. Akampigia simu shangazi, ambaye siku hizi anakaa kwa wajukuu katika kijiji kinachoitwa Ulaya, huko huko wilaya ya Kilosa.

"Mambo ya kale hayo, achana nayo," shangazi alisema. "Huko mvua imenyesha?"

Marciana hakuachana nayo. Shamimu, binti wa mapokezi pale gesti, alimtafutia kwenye simu. Yakaja majumba ya wafalme na wasichana wanaolala usingizi wa miaka mia, hakuna hata mmoja mwenye kikapu. Alipokwenda Morogoro kwenye msiba alipita kwa wauza vitabu vya mitumba, akapekua mafungu yote hadi vidole vikawa vyeusi. Watu wakaanza kumtania. Mwishowe Shamimu aliuliza kwenye kundi moja la watu wanaokusanya vitu vya zamani, na mtu akajibu kwamba nje kidogo ya mji wa Kilosa kuna jengo lililokuwa klabu ya mameneja wa mkonge, na ndani yake limebaki kabati la vitabu.

"Nenda, Mama Winnie," Shamimu alimwambia Marciana. "Mashuka nitayasimamia mimi."

Mlinzi wa jengo lile aliitwa Fortunatus, mzee mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua. Alipofungua mlango harufu iliwapiga wote wawili usoni. Popo walikuwa wamejaa darini, na mavi yao yamerundikana sakafuni kama unga wa ulezi uliochacha. Kwenye kabati panya walikuwa wamezaa. Marciana alifunga kanga puani, akavuta vitabu kimoja kimoja. Vingine vilimwagika mikononi, vingine vilikuwa vimelowa mkojo na kugandana kuwa tofali. Hakujali. Uchafu wa namna hiyo aliuzoea.

Cha kumi na kitu, jalada halipo, kilifunguka chenyewe kwenye picha ya mlango wa mlimani.

Alipiga ukelele. Gauni la njano lilikuwepo, taa ilikuwepo, na kile kikapu. Akakaa chini pale pale kwenye mavi ya popo, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kidole kwenye mstari. Alisoma kurasa mbili, sauti ikapungua. Alipofika ya tatu akanyamaza.

Msichana wa kikapu hakuwa dada wa mtu. Aliitwa Masizi, kijakazi wa yule wa gauni la njano. Hakujua maneno yoyote. Alikuwa mwizi wa taa. Katika ukurasa uliofuata walikuwa wamemgeuza uso, na uso huo Marciana hakuwahi kuuona: midomo kama maandazi mawili mekundu, macho meupe yaliyotoka nje, mikono mirefu hadi chini ya magoti kama ya nyani. Na chemchemi ilikuwepo kweli, lakini hakuna aliyefua nguo. Mfalme alikuwa ameamuru Masizi asuguliwe kwa mchanga na majivu. Wanawake watatu wamemkandamiza, maji yametoka meusi, watu wamesimama ukingoni wakicheka, na yule wa gauni la njano anapiga makofi. Nusu ya mwili wa Masizi ilikuwa imeshakuwa nyeupe. Chini pameandikwa: Na tangu siku hiyo akawa safi, watu wote wakampenda.

Marciana anajua kusugua. Anajua ni mara ngapi unapitisha mkono kabla kitambaa hakijaanza kuchakaa, na anajua mchanga unafanya nini kwenye ngozi, kwa sababu vidole vyake mwenyewe huchubuka na sabuni tu. Aliitazama ile picha, akahisi maji ya mdomoni yamejaa.

Fortunatus aliinama juu ya bega lake. "He! Huyu mbona kama mke wangu wa kwanza?" Akacheka hadi akakohoa.

Marciana alitoka nje, akatapika ukutani, yeye ambaye hajawahi kutapika kwa shuka la mtu yeyote. Mzee aliogopa, akamletea maji kwenye kopo. "Ni hewa ya humo ndani, mama. Kitabu kichukue tu, mchwa watakimaliza."

Alikitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga mara mbili. Njia nzima ya kurudi alikuwa akifuta mkono wake kwenye kanga. Kilichomsumbua zaidi hakikuwa mchoraji, ambaye labda alishakufa zamani. Ni kwamba miezi yote ile alikuwa akikitamani kitu kile, akilala anakiwaza, kama mtu anayetafuta kaburi la mama yake. Gari lilipofika Ulaya aliteremka.

Shangazi alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, maharage yanachemka kwenye mafiga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekuja bila taarifa? Kuna msiba?"

Marciana alifungua mfuko, akaweka kitabu kwenye mapaja ya shangazi, kimefunuliwa pale pale. Bibi yule ana miaka themanini na nne na macho yameshapungua nuru, ikabidi akisogeze hadi karibu na pua. Kisha akakisukuma kikaanguka, akatema mate pembeni.

"Umekitoa wapi hiki kinyesi?"

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Nilikisoma kabla yako. Yule mama wa Kizungu, mke wa meneja, alinipa huku anatabasamu, akasema kampelekee mtoto. Nikakisoma njiani, nimekaa kando ya mkonge. Siku ile hata chakula sikula."

"Na bado ukaniletea?"

"Ulinikuta mlangoni, ukaziona zile rangi, ukapiga kelele za furaha. Ulikuwa na wiki tatu hujacheka tangu tumzike mama yako. Ningekunyang'anya?" Shangazi alijifuta mdomo. "Nikapika uji wa muhogo mzito, nikazibandika zile kurasa mbaya usiku umelala. Asubuhi zimekauka kama ubao. Zilizobaki nikazisoma ninavyotaka mimi."

Marciana alikumbuka. Kitabu chao kilikuwa na sehemu moja ngumu, nene kama kadibodi, na yeye alidhani vitabu vyote viko hivyo.

"Maneno ya kufungulia mlango je? Nimeyatafuta mwaka mzima."

"Wala siyakumbuki. Kila siku nilikuwa natunga mapya. Siku nyingine hao dada walikuwa wanakwenda hapo Tindiga kununua mchele, ukanikatalia, ukasema jana haikuwa hivyo."

Marciana alitaka kucheka, ikashindikana. Aliinuka, akaokota kitabu kwa ncha za vidole. "Nakitupa chooni."

"Choo gani? Hiki kipya? Mjukuu wangu Evance amekichimba juzi, hujakitumia hata mara moja unataka kukijaza uchafu?"

"Basi nakichoma."

"Ngoja. Ipua sufuria kwanza," shangazi alisema. "Sitaki maharage yangu yaive kwa moto wa hicho."

Marciana aliipua, akaiweka mbali, akaifunika. Kitabu hakikutaka kushika moto. Zile picha nzito zilijikunja, zikatoa moshi wa kijani wenye harufu ya nywele zilizoungua, kuku wakakimbia. Shangazi alikaa na fimbo, akawa anazichokoa kurasa moja moja. Yalipobaki majivu hakuridhika nayo. Akamwamuru Marciana ayazoe kwa kipande cha bati, ayapeleke mpaka nyuma ya shamba la mahindi, asiyamwage kwenye bustani ya mboga. Aliporudi akaambiwa anawe kwa sabuni, kisha awashe upya kwa kuni nyingine.

Kwa hiyo walikula saa tisa alasiri. Marciana alichukua vijiko vitatu vya maharage akasukuma sahani. Bado aliona yale maji meusi.

"Kula," shangazi alisema.

"Hayapiti."

"Yatapita. Mimi mwaka ule nilikaa siku mbili. Ya tatu nikala."