Jina la Mama Mkwe

Mlio mmoja tu, halafu kimya. Nilipokuwa mtoto, hivyo ndivyo perere alivyotuamsha usiku, kutoka kwenye msitu uliokuwa juu ya hospitali: mlio unaoanza kama mlango wa zamani unaofunguliwa na mtu asiye na haraka, ukapanda, ukapasuka, ukakatika. Perere ni mnyama mdogo wa kwenye mashimo ya miti, hamzidi paka aliyenona. Hayo niliyajua baadaye, shuleni. Utotoni sikumjua kama mnyama. Nilimjua kama sauti, na sauti ile ilikuwa na kazi yake: kuwaita wazee waliolala kwenye wodi ya mama.

Mama alikuwa mhudumu wa wodi. Wauguzi walivaa kofia nyeupe na kupima homa. Mama alivaa gauni la kijani lililopauka, akabeba beseni, akabeba chombo cha haja, akawabeba wazee wenyewe. Aliwaosha, akawageuza ubavu huu na ule ili migongo isifanye vidonda, akawakata kucha, akawalisha uji. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, redio ya jikoni ikiimba kazi asubuhi na jioni, na mimi nilidhani nyimbo zile zilitungwa kwa ajili ya mama.

Katika kulisha alikuwa na utaratibu wake, ambao wahudumu wote wa wodi ile waliufuata. Mzee aliyechoka sana, alisema, mwili uko kitandani lakini yeye mwenyewe yuko mbali, anatembea zake. Ukimtia kijiko mdomoni akiwa huko, uji utaingia njia ya pumzi, utamuua kwa mkono wako mwenyewe. Kwa hiyo kwanza unamwita jina. Unangoja. Macho yakija, ndipo kijiko.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye mashamba ya Wazungu kule Kwai tangu ujana wake. Akiitwa, aliitikia kwa sauti ya kutikisa vyombo: "Naam, bwana!"

"Bwana yuko wapi, baba?" mama alimtania. "Uhuru ulishakuja. Bwana ni wewe."

"Kama bwana ni mimi, mbona uji wangu hauna sukari?"

Wodi nzima ilicheka, hata wasio na meno. Mimi, niliyekuja na chakula cha mama mchana baada ya shule, nilicheka kuliko wote. Mchana wodi ile ilikuwa mahali pazuri. Ni usiku ndipo walipojifunika blanketi hadi kichwani, perere akilia, na asubuhi wakaulizana taratibu nani hajaamka.

Kisha wakamleta bibi mzaa baba.

Aliletwa kwa machela kutoka Mtae, mvua za masika zikiwa zimeimeza barabara, vijana wa kijiji wakipokezana mabegani. Pamoja nao alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba yangu. Baba mwenyewe alikuwa tambarare, kwenye mashamba ya mkonge, nako barabara ilikatika kwa maporomoko. Hakuna habari iliyoshuka wala kupanda. Mama alipomwona aliyelala kwenye machela, alishusha beseni chini, akajitanda kanga kichwani, akapiga goti palepale kwenye saruji yenye maji.

"Shikamoo, mama," alisema.

Bibi hakuitikia. Alikuwa mdogo kama mtoto wa darasa la pili, kifua kikikoroma, macho wazi yasiyotazama kitu.

Baba mdogo aliaga upesi. Kesho yake ilikuwa siku ya shamba la kijiji, na balozi wa nyumba kumi hakuwa mtu wa kusikia habari za wagonjwa. "Shemeji, nakuachia," alisema. "Ameandikwa kwa jina la ubatizo, Elizabeti. Lakini hilo halisikii tena. Alilipata ukubwani. Sasa amerudi nyuma sana."

Mama aliinamisha kichwa. Nilimwona akitaka kumwomba kitu, na nilimwona akikimeza. Vijana walishainua machela tupu, na baba mdogo akawafuata.

Kwetu mwanamke aliyeolewa halitamki jina la mama mkwe wake. Haliiti, halitaji katika mazungumzo, na akizaa mtoto akapewa jina hilo, kama ilivyo desturi, basi hata mwanawe mwenyewe atamtafutia jina lingine la kumwitia. Hayo leo nayaeleza kwa sentensi mbili. Wakati ule sikuyajua. Nilijua kwamba shuleni na kanisani naitwa Marta, kwamba mama huniita Mwenzangu, na kwamba baba, kila anapopanda kutoka tambarare na mkungu wa ndizi begani, huniita Mama na kunishika kichwa kwa heshima ya ajabu. Nilidhani ni utani wake.

Aliyenifungua macho ni Bi Hadija, mhudumu mwenzake mama, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta kwenye nyumba za wafanyakazi. Alikuwa akianika shuka za wodi, mdomo umejaa vibanio.

"Wewe ni somo wa bibi yako," alisema. "Hukujua?"

"Bibi anaitwa Marta?"

Alicheka hadi vibanio vikaanguka. "Marta! Marta ni la mchungaji, mwanangu. Unalo lingine, ulilopewa ukiwa bado na damu ya kitovu. Mimi silijui, na sasa hivi sitaki kulijua." Akaacha kucheka. Akatazama msitu, ambao ukungu ulikuwa umeanza kuufuta kutoka juu. "Somo wawili wakiwa chini ya paa moja, mmoja akaugua, jina lao huwekwa kimya. Huyo anayeita kutoka kule hajui sura ya mtu. Anasikia jina likitajwa, analichukua, analiita. Na wa kwanza kuitika ndiye anayekwenda. Mzee masikio yake mazito. Mtoto masikio yake mepesi. Umenielewa?"

Nilielewa. Usiku ule perere alilia karibu, karibu kuliko nilivyowahi kumsikia, kwenye mti wa nyuma ya jiko la hospitali. Mama alikaa kitako kitandani, akaniwekea mkono kifuani kama mtu anayezuia karatasi isipeperushwe.

"Ukiitwa usiku usiitike," alisema. "Hata ukisikia ni sauti yangu."

Asubuhi niliamka na homa.

Sikuweza kwenda shule, na nyumbani hapakuwa na wa kukaa nami. Mama alinibeba mgongoni hadi wodini, akanilaza kwenye benchi la ukutani, mkabala na kitanda cha bibi. Leo najiuliza kama alikuwa na njia nyingine. Hakuwa nayo. Lakini nakumbuka jinsi Bi Hadija alivyosimama mlangoni, akatuangalia, bibi huku na mimi kule, wote tukitetemeka, akatoka bila kutoa salamu.

Bibi alikuwa hajameza kitu tangu alipoletwa. Sista wa zamu, mama wa makamo aliyetoka pwani, alijaribu mwenyewe. "Elizabeti! Elizabeti!" Bibi alitulia kama anayesikia jirani akiitwa. Maji ya kijiko yalirudi kwenye kona ya mdomo, yakateremka shingoni. Mama aliyafuta. Naye alijaribu kwa Kishambaa, kwa upole, akisema mama, mama, mama. Lakini katika wodi ile kila mwanamke alikuwa mama, na mwanamke wa kitanda cha tatu ndiye aliyegeuka.

"Hana jina la nyumbani?" Sista aliuliza.

"Analo."

"Basi mwite, dada. Wewe ndiye unayetufundisha sisi kuita."

"Siwezi, Sista. Ni mkwe wangu."

"Niambie mimi nimwite."

"Kukuambia ni kulitamka."

"Niandikie, basi. Si unakwenda kisomo cha watu wazima kila Jumatano?"

"Kuandika ni kusema kwa mkono."

Sista alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. "Mimi si wa huku juu," alisema, "na miiko yenu siichezei. Ila kifua hiki kinataka nguvu, na nguvu inataka uji. Sindano pekee haitamfikisha kesho." Akatazama benchi langu, akaelewa zaidi ya alivyotaka kuelewa. "Dada, huyu mtoto ana homa ya mvua. Wapo wengi hivyo wiki hii."

"Wale wengi hawana jina hili," mama alisema.

Sista alikwenda wodi nyingine. Ukungu ulifika kwenye madirisha, ambayo kwa amri ya daktari hayakufungwa kamwe kwa ajili ya vifua, ukaingia ndani, ukakaa kati ya vitanda kama mgeni asiyekaribishwa. Bi Hadija alirudi na bakuli la uji mwepesi, likifuka moshi, akaliweka mezani.

"Nipe mtoto," alinong'ona. "Nimpeleke barabarani, mpaka kule sokoni. Asisikie."

"Akiitwa kule, nani atamzuia?" mama alisema. "Wewe? Huyu akiitwa anaitika kabla hujafungua mdomo. Namjua."

Nimeishi na siku ile kwa muda mrefu, nikiigeuza ubavu huu na ule. Bibi alipona kifua. Alirudi Mtae kiangazi, akaishi hadi nikamaliza shule ya msingi, na alikufa nyumbani kwake, mchana, akiwa anachambua maharage. Homa yangu nayo ilishuka siku chache baadaye. Pengine Sista alikuwa amesema kweli. Perere aliendelea kulia, na wazee wa wodi waliendelea kwenda, wengine usiku wa mlio, wengine usiku wa kimya. Rafiki zangu wa chuoni, nikiwasimulia haya, hutabasamu na kusema: kumbe mama yako alikuwa mtu wa kisasa, aliuvunja mwiko. Nashindwa kuwaeleza. Mama hakuuvunja kwa sababu aliudharau. Aliuamini wote, mpaka neno la mwisho, kama alivyoamini kwamba uji ulioingia njia ya pumzi unaua. Upande mmoja alikuwepo mtoto wake, upande mwingine mwanamke aliyemzaa mumewe, mwanamke ambaye siku za mwanzo za ndoa hakumpokea vizuri, na mkononi alikuwa na kijiko. Mtu asiyeamini kitu hawezi kujua kijiko kile kilikuwa na uzito gani. Nami niliyelala pale ninajua, kwa sababu nilimwona akikiinua, akikishusha, akikiinua.

Lakini saa ile hakuna kati yetu aliyejua kitakachokuja.

Alikuja kwenye benchi, akaninyanyua pamoja na blanketi, akaketi nami kwenye ukingo wa kitanda cha bibi, mgongo wangu kifuani pake. Nilisikia moyo wake ukipiga nyuma ya mbavu zangu. Bi Hadija alishika bakuli. Midomo yake ilikuwa ikisoma dua. Mama alikunja goti, akakiinua kichwa cha bibi juu ya paja lake kwa ule ustadi wake, kidevu chini kidogo, shingo imenyooka. Kisha kwa mkono mwingine aliniziba mdomo.

Aliuziba kabisa. Kiganja kilinuka sabuni ya kipande na dawa ya kudekia sakafu, na kilikuwa kimekaza hata nikapumua kwa pua kama ndama.

"Usiitike," aliniambia sikioni. "Mwenzangu, chochote utakachosikia, si wewe."

Huko nje, kwenye ukungu, hapakuwa na sauti hata moja. Ilikuwa kama msitu mzima umeinama kusikiliza.

Mama akamwinamia bibi, karibu kabisa na sikio lile zito, akalitamka, si kwa kunong'ona bali kwa sauti yake ya kila siku ya wodini, ile ya kuwaita watu warudi:

"Mkunde."