Kichwa cha Mama Kwenye Ekra

Kioo cha laptop yangu kilipasuka zamani, na tangu siku hiyo macho yangu ni ekra ya kubeba, kioo cha kuunga kwa waya. Ni nyembamba kama sinia, inaguswa kwa kidole, na ndiyo inanilisha: ninachapa kazi za wanafunzi hapa nyumbani kwetu Songo. Jioni watoto wa dada yangu wanachomeka humo kamashini kao ka michezo, kelele mpaka umeme ukatike. Kila mtu anajua kuichomeka, lakini ikikataa, ni minye, mimi peke yangu, wananiita. Nimechoka kuwa fundi wa watu, kweli.

Jumapili moja nilikuwa nimejinyoosha kidogo, mama akaniamsha. Kaka yangu mkubwa, anayekaa Kanada, alikuwa amekubali kupiga simu ya video. Alipokosa kuja kwenye matanga ya baba, mama alimwambia asimuite mama tena, wakanyamaziana miaka. Sasa macho ya mama yanaona ukungu tu, na daktari amesema hayatarudi. Alitaka kitu kimoja: kumuona mtoto wake kabla hayajazimika.

“Mu telefone sioni kitu,” alisema. “Niwekee ile kubwa.”

Nikaunga telefone na ekra, nikaisimamisha mezani, nikafunga pazia. Rezo ya mtandao ikasuasua, halafu uso wa kaka ukajaa pale, mpana, na ndevu nyeupe.

“Mama,” alisema, “unisamehe.”

Mama alishika ukingo wa meza. Aliinuka, akaiinamia ekra, akataka kumsalimia sawa vile tunasalimiana huku kwetu tukiwa tumepotezana siku nyingi: kichwa kwa kichwa, upande huu, upande ule, mara tatu. Paji lake likagonga kale kadoti kekundu ka kukata simu, na simu ikakatika.

“Amenikatia,” mama akasema, akakaa chini. “Amekataa salamu yangu.”

“Ni weye umekata, mama! Hii ekra ukiigusa, inafanya kitu!”

Nilimgombeza, ndiyo. Nilikuwa nimechoka na sauti yangu ilitoka mbaya. Hakuniamini hata kidogo.

Nikapiga, rezo hakuna. Nikapiga tena. Mara ya nne kaka akashika, sauti imekauka.

“Mama hajanisamehe, ee? Amenikatia.”

Masikini ya Mungu! Nikamweleza ile salamu na kale kadoti. Naye akainamisha kichwa kwenye telefone yake mpaka ekra nzima ikawa upara wake. Mama akanyanyuka tena, shingo mbele. Niliona simu inakwenda kukatika mara ya pili. Sikuwa na nguvu ya kumshika wala ya kutafuta namna ya kuzima huko kuguswa. Nikaingiza kichwa changu katikati yake na ekra.

Akanisalimia minye. Upande huu, upande ule, polepole, paji lake limelowa, akiita jina la utoto la kaka. Nyuma ya mgongo wangu kaka alikuwa analia kwa sauti.

Nakaa na mama kila siku. Ninamwogesha, ninamtafutia nguo zake, ninamshika mkono akienda kanisani, na kwa sababu hiyo hatusalimiani hivyo hata siku moja. Ile salamu ni ya waliotoka mbali. Wivu ulinishika, na uchungu, nikalia kuliko wote wawili. Mara tatu zilipoisha mama alitaka kukaa. Minye sikuondoa kichwa changu.