Jina la Mwananchi A

Usiku ule usingizi ulinikuta mezani, kichwa juu ya tasnifu. Mwenzenu mchana niko idara ya ardhi pale halmashauri, jioni nasoma shahada ya uzamili ya utawala wa umma, na tasnifu ilikuwa inatakiwa chuoni kesho yake asubuhi. Inahusu nini? Ucheleweshaji wa huduma kwa wananchi. Haya, chekeni.

Nikajikuta kwenye chumba cha mtihani. Anayesimamia ni Mzee Kibwana, aliyekuwa mkuu wa masjala yetu, aliyenifundisha kazi tangu sijui hata kutoboa karatasi niitie kwenye faili. Tulimzika mwaka juzi. Amevaa ileile sweta yake ya kijivu, joto lote lile, na kwapani ana daftari la kutolea mafaili. Enzi zake hata bosi hachukui faili bila kuandika humo jina lake na sababu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fungua."

Nafungua karatasi ya mtihani, kumbe ni tasnifu yangu mwenyewe, kwenye ule ukurasa ambao mwalimu wangu aliusifia: Mwananchi A, mjane, anahangaikia kiwanja cha marehemu mumewe.

"Anaitwa nani?"

Jamani, jina likanipotea. Nikaanza kujieleza kwamba kwenye utafiti majina tunayaficha. Ninageuka, chumba hakipo. Ni korido yetu ya ofisini, na Mzee Kibwana amekaa kwenye benchi la wananchi, kashika kikaratasi cha namba kama wenzake. Sasa mimi niko kazini au bado nafanya mtihani? Niliona aibu, nikambembeleza apite ndani. Hataki.

"Unasubiri nini, mzee?"

"Faili."

"Halionekani," nikamjibu, hata kufikiri sikufikiri. Ndivyo ninavyomjibu mama mmoja ambaye wiki hii tu amekuja mara tatu. Shemeji yake ameshamwaga mawe kwenye kiwanja chake, na bila faili hatuna namna ya kumzuia asijenge.

Mzee Kibwana hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alifungua daftari, akanipa kalamu.

"Andika sababu."

Naandika, mstari unabaki mweupe. Naandika tena, nalia sasa, na sijui nalilia nini.

Nikazinduka, shavu limeganda kwenye karatasi. Alfajiri ilikuwa inaingia. Nilizisukuma rasimu zangu zote pembeni, na chini yake kabisa, jamani, faili la kijani. Nililibeba miezi mitatu iliyopita ninakili barua mbili tu, nilirudishe kesho yake. Daftarini sikuandika kitu. Barua ya juu ina jina na namba ya simu: Mwanahamisi Pazi. Yule mama wa mara tatu.

Nikapiga. Akapokea haraka, nadhani alikuwa ametoka kuswali.

"Shikamoo, mama. Ni mimi, wa ardhi. Faili lako limepatikana. Nakuja nalo ofisini sasa hivi." Chuo kingenisubiri.

"Alhamdulillahi! Lilikuwa wapi, mwanangu?"

Ningeweza kusema lolote, angeniamini.

"Nilikuwa nalo mimi, mama. Nililichukua kwa ajili ya masomo yangu."