Shule ya Jikoni kwa Marlys Pruett

Dada yangu Marlys alikuwa na watoto wanane, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda basi la shule. Wote walisomea nyumbani, kwenye meza ndefu ambayo mumewe Lonnie aliitengeneza kwa mbao za banda lililobomoka. Hapo ndipo walipokula, ndipo walipofanya hesabu, na msimu wa kuwinda kulungu ukifika, ndipo Lonnie alipokatia nyama. Huku kwetu Ozark, jimbo la Missouri, Marekani, hilo si jambo la kushangaza mtu. Kanisani kwetu karibu nusu ya familia hufanya vivyo hivyo.

Mimi sina mtoto, kwa hiyo kila Alhamisi nilikwenda kuwafundisha nyimbo na kukunja taulo. Taulo za watu kumi haziishi. Ukizikunja hizi, zile zimeshalowa.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakuipenda shule ile, na bahati mbaya alikuwa mama mkwe wa Marlys. Mama Opal alifundisha darasa la pili katika shule ya mjini mpaka alipostaafu, na kwake kila mtoto aliyebaki nyumbani alikuwa kama tusi. Tangu mjukuu wa kwanza, Tirzah, alipofika umri wa kuanza shule, hakuacha kumchokonoa Marlys. Kila Krismasi aliwaletea watoto zawadi ya mikoba ya shule. Marlys alishukuru kwa adabu, kisha akaitumia kuwekea viazi.

Basi mwaka mmoja, majira ya majani kuanguka, Mama Opal aliteleza kwenye ngazi za nyumba yake akavunjika nyonga. Hospitali ilipomruhusu, Lonnie alimleta kwake moja kwa moja, akamtandikia kitanda katika chumba kilicho jirani na jikoni. Maana yake ni kwamba kuanzia siku hiyo mkaguzi wa shule alilala ndani ya shule.

"Hii ni shule gani ambayo mwalimu anakaanga mayai?" aliuliza asubuhi ya kwanza, ameegemea kigari chake cha kutembelea.

"Ni shule ya mayai, mama," Marlys akamjibu bila kugeuka. "Utakula mangapi?"

"Mawili. Na yule mtoto amevaa nguo za kulalia saa tatu hii!"

"Huyo ni Phoebe. Ameshamaliza hesabu za kutoa kwa kukopa. Nikimvalisha suruali, hesabu zitaongezeka?"

Lonnie, mchimba visima, mtu mpole, alichukua chupa yake ya kahawa akatoka kwenda kwenye gari lake hata kabla ya mkate kuiva. Ugomvi wa wanawake wawili anaowapenda haukuwa uwanja wake.

Wiki zikapita hivyo. Mama Opal alileta kengele ndogo ya shaba aliyokuwa akiitumia darasani, akawa anaipiga kila somo lilipomalizika kwa maoni yake. Marlys naye hakuisikia kamwe. Mbuzi mmoja akizaa, somo lilihamia bandani. Mkate wa mahindi ukiiva, Tirzah aliukata vipande akawafundisha wadogo zake sehemu ya nane na sehemu ya kumi na sita, na aliyekosea alisubiri. Vicheko vilikuwa vingi kuliko ukimya, na Mama Opal alisema kwamba katika miaka yake yote hajawahi kuona darasa lenye mbwa wawili.

Alhamisi moja nilifika mapema, wakati wa ibada ya asubuhi. Walikuwa na desturi ya kusoma Zaburi kwa zamu. Zamu ilimwangukia Judson, mwenye umri wa miaka tisa, kijana wa nywele nyekundu na mdomo mwepesi. Alisoma vizuri ajabu. Alipandisha sauti penye shangwe, akaishusha penye huzuni, hata Mama Opal akaweka kikombe chini.

"Sasa huyu anasoma!" alisema. "Hebu nione, mjukuu wangu."

Akavaa miwani, akasogea nyuma ya kiti cha kijana. Nilimwona akitazama ukurasa, akatazama kichwa cha Judson, kisha akautazama ukurasa tena. Nilitegemea kusikia kengele. Badala yake akamshika bega taratibu akasema, "Umefanya vizuri. Endelea wewe, Phoebe."

Ibada ilipokwisha alimwita Marlys kwenye chumba cha kufulia. Mimi nilikuwa humo na taulo zangu, na hakuna aliyenifukuza.

"Marlys, ile Biblia ilikuwa imefunguliwa kwenye Nehemia, si Zaburi," Mama Opal alisema kwa sauti ya chini. "Kwenye orodha ya majina ya wajenzi wa ukuta. Mtoto amekariri. Hajui kusoma."

Marlys alicheka kwanza, jinsi mtu anavyocheka akiambiwa jambo lisilowezekana. Kisha akamwita Phoebe, aliyekuwa na miaka saba na hakujua kutunza siri.

"Mimi humsomea usiku, mara moja tu, anashika yote," Phoebe alieleza. "Na mazoezi yake namnong'oneza majibu. Yeye anaokota mayai zamu yangu. Jogoo ananichukia."

Phoebe alipoondoka, Marlys alikaa juu ya mashine ya kufulia akaufunika uso kwa taulo. Dada yangu, kulia? Tangu tukiwa wadogo mimi ndiye niliyekuwa mlizi.

"Sema tu, mama," alisema toka ndani ya taulo. "Umesubiri miaka mingi. Sema nimemharibu mtoto."

Mama Opal alivuta kigari chake karibu. "Nimekaa na maneno ya kukusema tangu Tirzah akiwa na miaka mitano," alisema. "Leo nimeyapata yote mkononi, na sina hamu nayo hata kidogo. Futa uso. Kijana aliyeweza kuwazunguka nyinyi wote kwa muda huo hana upungufu wa akili. Hata mimi amenipata! Hata kikombe nilikiweka chini!"

Marlys akacheka na kulia kwa pamoja, nami nikaungana naye, ingawa hakuna aliyeniomba.

Walimpeleka Judson mjini kwa mtaalamu, ambaye alisema akili ya kijana ni nzima kabisa, ila herufi zinamtoroka machoni. Atasoma, lakini kwa njia yake na kwa subira. Judson mwenyewe alieleza vizuri zaidi. "Hii b na ile d ni mapacha," aliniambia. "Nikimwita mmoja, anakuja mwenzake."

Mama Opal alijitwika kazi hiyo. Kila siku baada ya chakula cha mchana alikaa naye barazani, katikati yao sinia lenye unga wa mahindi, kijana akiandika herufi kwa kidole huku akizitamka. Kwa juma zima mambo yalikwenda vizuri. Kisha siku moja bibi alimrudisha kwenye neno lilelile mara nyingi mno, na sinia likaruka. Unga ulimwagika juu ya bibi, mbwa na jirani aliyekuja kuomba mayai. Judson alikimbilia kwenye banda la mbuzi.

"Ana kichwa kigumu," Mama Opal alisema, akijikung'uta.

"Sijui amekitoa wapi," Marlys akasema, akimpangusa nyusi.

Kisha akaenda bandani mwenyewe. Sijui walizungumza nini huko, lakini waliporudi Marlys alikuwa amebeba ndoo yenye vipande vya mabomba, koki na valvu kutoka kwenye gari la Lonnie, kila kimoja kikiwa na jina lake limegandamizwa kwenye chuma.

"Jaribu hivi, mama," alisema. "Hivi anavijua. Hataki kusoma habari za yule paka wa vitabu vya watoto aliyekalia mkeka."

"Nimefundisha watoto wengi kwa paka huyo!"

"Najua, mama. Huyu mpe bomba."

Mama Opal alinuna siku nzima, lakini kesho yake alikuwa barazani na ndoo. Judson alipitisha kidole juu ya herufi za chuma, akazishika zisitoroke. Baada ya majina ya mabomba yakaja maandishi ya kwenye mashine ya baba yake, na baada ya hapo hakuna kilichosalimika. Alisoma magunia ya chakula cha kuku. Alisoma maonyo ya kwenye makopo ya rangi. Asubuhi moja alichukua chupa ya dawa ya bibi yake akaanza kuisoma mezani, neno moja moja, jasho likimtoka.

"Dawa... hii... inaweza... kuleta... usi-ngizi... na... hasira za... haraka." Akainua macho. "Bibi! Wewe unakunywa mara ngapi?"

Lonnie alipaliwa na kahawa. Mama Opal alijaribu kukaza uso, ukakataa, akacheka mpaka akashika nyonga yake.

Majira ya machipuko yalipokuja, daktari alimwambia kwamba anaweza kupanda ngazi. Lonnie akamrudisha nyumbani kwake Jumamosi. Jumatatu asubuhi gari dogo la Mama Opal lilikuwa uani kwa Marlys, naye anagonga mlango kwa fimbo akiuliza kwa nini darasa bado limelala.

Jumapili moja, baada ya ibada, akina mama walikuwa wanapanga vyakula kwenye meza za kanisa. Mmoja akamchokoza, "Kwa hiyo, Opal, siku hizi umekubali kusomesha watoto nyumbani?"

"Sijakubali chochote," alijibu, akifunua sufuria ya maharage. "Nasimamia."

Marlys alikuwa nyuma yake amebeba sahani, tumbo likiwa limeanza kuonekana tena. Alinikonyeza tu, akaenda kuwatafuta watoto, maana mmoja wao alikuwa amesimama kwenye ubao wa matangazo anawasomea wazee wote matangazo ya mwezi mzima, polepole, na mchungaji alikuwa anasubiri kuombea chakula.