Muhogo wa Ubaoni

Mwalimu Germano alikuwa na uchovu ule usioondoka kwa kulala. Tangu vita vipambe moto alikuwa akifundisha msituni, nyuma ya kijiji cha Nhica, kaskazini mwa Msumbiji, na ndege za Wareno zikipita, shule nzima huingia mahandakini na kutoka na mchanga masikioni. Chaki hakuna. Aliandika kwa kipande cha muhogo mkavu kwenye ubao uliopakwa masizi, na wanafunzi walikitazama kipande kuliko hesabu. Nani atawalaumu?

Asubuhi hiyo kamanda wa wapigania uhuru alimwachia neno: akiona chakula hakitoshi, aifunge shule, awavushe watu mto Rovuma, waingie Tanzania. Germano hakutaka. Darasa hili ndilo la kwanza kufika kwenye kanuni ya L'Hôpital, ile ya hesabu za vikomo, aliyoipenda tangu alipokuwa mwanafunzi Tanzania, na kulivunja sasa kulimuuma kama kuzika.

"Sehemu ikielekea juu sifuri, chini sifuri, msikate tamaa," aliwaambia. "Acheni kuuliza kimebaki nini. Tafuteni kila kimoja kinapungua kwa kasi gani, mgawanye kasi kwa kasi. Hapo jibu linatoka."

Akaandika muhogo juu, watu chini. Ghala linakwisha, sawa, lakini watu nao wanakwisha: wengine wamevuka, wengine wamezikwa. Basi fungu la kila mtu halitafika sifuri. Roho ikamtulia, hata akatabasamu.

Saquina, mwanafunzi mtu mzima aliyekuwa na zamu ya jikoni, akaja mbio.

"Camarada mwalimu, wamefika wengine. Kijiji chao kimechomwa. Nishawapa maji, sasa nawagawia muhogo."

Ndiyo desturi, mgeni hula kwanza, habari baadaye. Siku ya tatu mpe jembe, wanasema, lakini shamba lenyewe lilikwisha kuungua.

Germano akautazama ubao. Kanuni ina sharti, na yeye ndiye aliyelirudia mpaka wakamcheka: juu na chini, vyote viwili viwe vinaelekea sifuri. Hapa chini hapakuelekea sifuri. Vita vilileta watu kila kukicha. Aliitumia kanuni pasipo pake kwa sababu alilitamani jibu lake, na sasa aliona haya.

"Basi jibu ni ngapi, mwalimu?" mmoja akauliza.

"Sifuri. Fungasheni, tunavuka."

Hakuna aliyeshangaa. Matumbo yao yalishaipiga hesabu hiyo zamani. Germano akafuta ubao kwa kiganja, akakikung'uta masizi kile kipande cha muhogo, akampa Saquina akitie chunguni.