Malkia Aliyeachwa Msituni Alhamisi

Jalia, mzaliwa wa Masaka, alikuwa mfanyakazi wa ndani kwa familia ya Kihindi huko Silicon Oasis, mtaa mmoja wa Uarabuni, na kazi aliyoipenda kuliko zote haikuwamo kwenye mkataba. Kila alasiri alimsomea mama mkwe wa madam hadithi za kale za Uhindi, kutoka kitabu cha Kiingereza kilichobanduka jalada. Macho ya bikizee yalikuwa yameingia ukungu. Jalia alimwita Dadi, kama wajukuu walivyomwita, na Dadi alimpa sharti moja: kitabu kisifungwe mahali pa huzuni. Ukimwacha mtu hapo, alisema, anabaki hapo mpaka urudi.

Alhamisi moja ya mwaka 2014 wageni walifika ghafla, madam akamwita jikoni. Jalia akafunga kitabu malkia akiwa ndiyo kwanza ameamka msituni, mumewe hayupo. Akasahau.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa yake ya mapumziko, moja tu kwa mwezi. Alikuwa kwenye mkahawa wa chakula cha kwao, mtaa wa Al Quoz, na kaka yake Twaibu, mlinzi wa ghala, matoke yametua mezani, simu ikalia. Madam alisema Dadi, mgonjwa wa sukari, hajala tangu jana. Amekataa kusomewa na mwingine. Amesema aliyemwacha malkia ndiye amtoe. Ikibidi, Jalia arudi sasa hivi.

Twaibu akacheka. Mabosi wa wenzako wanadai nguo zilizopigwa pasi, alisema, wako anadai malkia.

Jalia akaomba kuongea na Dadi. Kitabu hakuwa nacho, na yaliyofuata hakuyajua. Akasimulia tu: malkia alitembea hadi akakutana na mwanamke mwenye mzigo wa kuni. Yule akatua mzigo, hakumuuliza kwao wapi, akamfungulia jani la mgomba lenye chakula cha moto.

Dadi akamsahihisha. "Mwanamke wa kuni hayumo. Hadithi hii naisikia tangu utoto."

"Nisamehe, Dadi. Nilitaka ale."

"Alikula nini?"

Jalia akatazama sahani yake. "Ndizi za kupika. Na mchuzi wa karanga."

Akamsikia akicheka, kisha akiagiza aletewe wali na dengu. Matoke yalikuwa yamepoa. Jalia aliyamaliza yote.

Jumamosi alisoma yaliyoandikwa. Walipofika msituni Dadi akainua mkono.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mwenye kuni apite."